Mzee Kayitare na Kabari Chini ya Dawati

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha useremala, Bukavu kule Kongo kwanza, kisha hapa shuleni kwetu, ng'ambo ya mto Rusizi, Mzee Védaste Kayitare anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 2002. Karakana inafungwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mkoa haukutenga mshahara wa mwalimu wa kumrithi.

Mzee alizaliwa ukimbizini Kongo. Aliporudi nchini mwaka 1994 alikuta madarasa matupu: watu waliokuwa wakikimbilia darajani kwenda Kongo walikuwa wameyafanya madawati yote kuni za kupikia maharagwe. Alikata mikaratusi ya mlimani, akawaita wanafunzi, akaweka sheria yake: dawati lisiguswe na msumari. Ulimi wa mbao uingie tunduni, ufungwe kwa kabari kutoka chini. Aliyepigilia msumari kwa siri alikalishwa juu ya dawati hilo mpaka lilegee, na lililegea kwenye somo la hesabu, mbele ya wasichana.

Mmoja wa walioanguka hivyo ni Ndizeye. Tangu Pasaka ni mume wangu, na moyo wangu bado unacheza ngoma. Nilimpenda siku ile ile, akiwa sakafuni, akijicheka mwenyewe. Hakuna seremala bora kuliko yeye aliyetoka shuleni hapa. Lakini kila asubuhi anavuka daraja la Rusizi II kwenda kufanya kazi Bukavu, kwa kuwa huku hakuna aliyekubali kumwajiri, hata mkoa. Siku daraja linapofungwa kwa sababu ya risasi, mimi Benitha, katibu wa shule, nakaa mbele ya mashine ya kuchapa na mstari hautoki.

Mwezi uliopita lori lilituletea madawati mapya, yaliyoagizwa na mkoa kutoka Bukavu. Mzee aligeuza moja, akapapasa kabari chini. Kisha akamwambia mkaguzi wa mkoa aliyefuatana na lori: "Papa, hii ni mukono ya Ndizeye. Mutoto tulimufundisha siye, na sasa tunaenda kumununua ngambo."

Mkaguzi alicheka, akajibu kuwa pesa ya mwalimu haipo. Ya madawati ilikuwepo. Ya lori na ushuru ilikuwepo.

Hapo adabu yangu iliisha, na mpaka leo haijarudi. Nchi inayofunga karakana ili inunue madawati haitashindana na yeyote, hata na jirani aliye vitani. Dawati litaoza, anayejua kulitengeneza huacha wengine wanaojua. Tutauza nini Bukavu, ikiwa mikono yetu tumeiacha ivuke bure? Mtasema Benitha anamtetea mume wake. Namtetea, na ninataka alale huku bila kuomba daraja ruhusa. Lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao juzi tu wamejifunza kunoa patasi, sikuolewa nao. Jumatatu watafundishwa na nani?

Wageni wetu wa Ijumaa kutoka mkoani, kabla ya kupiga makofi, pitisheni mkono chini ya dawati jipya mtakalokalia. Kabari mtakayoigusa imetengenezwa na mtu mliyesema hamwezi kumwajiri.

Mzee, asante. Madawati yetu, kitanda changu cha arusi, hata hasira hii, vyote vimeungwa kwa namna yako. Nenda Butare ukalime mihogo yako, ukae na mkeo, Maman Nyirahabimana, miguu ikuchukue mbali. Maisha yako yasilegee kamwe, na karakana yako tutaidai mpaka ifunguliwe.