Visigino vya Machogu

Kabla gari halijatoka Kisii, Gladys alikuwa amemwomba mzee aliyeketi kando yake amruhusu kulaza miguu ya mwanawe mapajani mwake, kwa kuwa plasta ilipita magoti na miguu haikukunjika. Mzee alikubali, kisha akaona amepata haki ya kuuliza.

"Alikuwa na shida gani?"

"Alitembelea vidole, mzee. Visigino havikugusa chini. Wamempasua, wakarefusha mishipa iliyokaza."

"Anaitwa nani?"

"Machogu. Jina la marehemu baba mkwe."

"Naye alitembeaje?"

Gladys akatazama dirishani. "Kwa vidole."

"Basi mmempasua baba mkwe!" Mzee akainua mikono juu, kama mtu aliyegundua amepakata marehemu. "Na hamkumwuliza!"

Gladys akamwambia kuwa mama mkwe alikuwa amesema hayo hayo kwenye simu: Gladys asiingie nyumbani kabla ya kuomba msamaha kaburini.

"Omba, mwanangu," mzee akasema. "Atamtambuaje mjukuu wake sasa?"

"Mzee, yule alibeba viatu vyake vya Sabato mkononi maisha yake yote, kwa sababu miguu haikuingia. Hata kwenye jeneza tulimshikisha."

"Vya rangi gani?"

"Vyeusi."

"Vizuri."

Gari likasimama Sironga. Mama mkwe alikuwa kando ya barabara, amekunja mikono. Gladys akashuka na mwanawe mikononi.

"Mama, plasta ikitoka nitampeleka kaburini, akanyage hapo kando kwa kisigino, babu asikie. Lakini msamaha siombi."