Mtafiti wa Imani na Mchumba Wake

Mabinti zangu, na nyinyi wenye mabinti, sikieni niliyoyasikia jana kwenye basi.

Mbele yangu alikaa dada mwenye shahada ya uzamivu. Akawa anamweleza jirani yake, mama fundi cherehani aliyepakata shela ya mteja, kwamba anatafiti kwa nini watu wanang'ang'ania wanachoamini. "Namuuliza mtu, namwonyesha ushahidi kuwa amekosea, halafu namuuliza tena." Kazi nzuri. Mimi nyumbani naifanya bure kila siku.

"Na sasa unakwenda wapi, mwanangu?"

"Chuoni, kukataa nafasi ya utafiti ng'ambo. Mchumba wangu hataki niende. Tunaoana mwaka huu."

"Mwaka jana alisemaje?"

"Alisema tunaoana mwaka ule. Ila mjomba wake akaugua."

"Na mwaka juzi?"

"Mjomba huyo huyo."

Maskini mjomba, kila harusi ikikaribia yeye anaugua!

"Kwao umeshapelekwa?"

"Bado, nyumba inapakwa rangi."

Fundi akaikunja shela taratibu. "Haya, ushahidi umeutoa mwenyewe. Nakuuliza tena, kama unavyowauliza wenzio: huyo atakuoa?"

Dada akafikiri kweli kweli, msomi wa watu. "Atanioa, mama. Tena sasa nina uhakika kuliko nilipopanda."

Basi likasimama kwenye geti la chuo. Akashuka mbio, asije akachelewa kukataa.