Nimekuja Kuposa Picha

Mheshimiwa mwakilishi wa meya, uliyepanda mlima wa Kinanira kuja kuangalia picha ilhali ungeweza kukaa nyumbani ukaangalia mpira. Bi Adélaïde, mwenye ukumbi huu, uliyenipa kuta zako bila kuniuliza nitatundika nini. Bwana Sylvère, mwenye kampuni ya utalii, uliyenituma nikupigie picha za wanyama na mpaka leo unauliza wako wapi. Masheikh wetu na wachungaji wetu. Mafundi wa Buyenzi mliofunga gereji mapema kwa ajili yangu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: asalaam aleykum, amahoro, bonsoir.

Nimewataja wengi, na yuko mmoja sijamtaja. Sikumsahau. Yupo safu ya kwanza, upande wa kulia, amejifunika shali kubwa nyeusi na joto hili lote, na mimi kwa adabu ya kwetu siwezi kumwita jina wala kumkazia macho. Ni mama mkwe wangu. Pembeni yake ameketi kaka yake, Mzee Tajudini, ambaye ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya familia siku nilipokuja kumposa Hayat. Mzee, shikamoo. Usilegeze tai. Leo nina kazi na wewe tena.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Rachid, mpiga picha wa harusi. Nimepiga harusi za Gihosha hadi Gasenyi, za msikitini na za kanisani, na nina tabia moja ambayo imenigombanisha na wateja wengi: bibi harusi anapoingia ukumbini, na kamera zote zikamkimbilia, mimi humpa mgongo. Nampiga picha mama yake. Kwa nini? Kwa sababu bibi harusi ametoka kwa mpambaji, uso wake umepangwa kama kabati la vyombo, hautakuambia kitu. Lakini mama yake hana habari kama kuna mtu anamwangalia. Wateja hunigombeza siku ya harusi, kisha picha zikitoka huniita wakiwa na machozi. Ushikeni huo mgongo wangu, tutaurudia.

Bwana Sylvère alikuja kwangu akitafuta mtu wa kufuatana na wateja wake hadi Serengeti, huko Tanzania, apige picha za kubandika ofisini kwake. Akaniuliza kama nimewahi kupiga picha ya simba. Nikamjibu kwamba nimewahi kupiga picha wakwe wa pande mbili wakigombea maikrofoni. Akaniajiri hapo hapo.

Sasa niwaulize: ni nani kati yenu, ninyi mliozaliwa Afrika na kulelewa Afrika, amewahi kufunga safari kwenda kuangalia wanyama? Inueni mikono. Mnaona? Hata mheshimiwa anaangalia viatu vyake. Mimi pia, na mvi zangu hizi za ndevuni, ilikuwa safari yangu ya kwanza. Huko mbugani nikakutana na mpiga picha mmoja Mzungu, lenzi yake ndefu kama bomba la moshi la lori, akaniuliza kwa heshima zote kama kwetu Bujumbura simba tunawaona kila siku. Nikamwambia simba hapana, ila kiboko hutoka ziwani akala majani kando ya barabara, na watu wa teksi humpisha kama wanavyompisha mkubwa wa serikali. Alinipiga picha mimi.

Hayat ndiye alikuwa afuatane nami. Lakini alikuwa na mimba kubwa, daktari akakataa, nafasi ikabaki. Mama mkwe wangu, ambaye nyote mnajua anauza vitenge, akasikia kwamba gari litapitia Mwanza, na Mwanza ndiko anakochukua mabelo yake, marobota ya vitenge. Akatuma ujumbe kwa Hayat kwamba atapanda. Ni mkwe gani duniani angekataa? Nikajipa moyo kwamba atashuka Mwanza. Mwanza akanunua mabelo yake, akauliza gari la kurudi Bujumbura ni lini, akaambiwa gari la kurudi ni hili hili, likishatoka mbugani. Basi mabelo yakafungwa juu ya paa, kwa mbele, na Mama akaingia Serengeti pamoja nayo.

Ndugu zangu, mnajua adabu ya mkwe na mama mkwe. Hatuketi kiti kimoja, hatuli sahani moja, hatutazamani usoni. Sasa tuwekeni ndani ya gari moja, barabara ya vumbi, tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nilikaa mbele kabisa, yeye nyuma kabisa, wateja wa Bwana Sylvère katikati yetu, na kila neno lilipitia kwa dereva. Nikasikia huko nyuma: "Dereva, ambia ule mutu afunge dirisha, vumbi inaingia." Dereva ananigeukia, anasema Mama anaomba ufunge dirisha. Nami najibu, mwambie Mama nimeshafunga. Kijana wa watu aliajiriwa kutuonyesha simba, akawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

Na simba tulimwona. Alikuwa amelala chini ya kichaka kama mjomba wa bwana harusi baada ya pilau. Magari yamemzunguka, kamera zimeinuliwa, yeye hana habari. Mimi kwa mazoea ya kazi nikajikuta nasema kwa sauti, "Kichwa juu kidogo, Mzee." Wallahi, akainua kichwa. Akatutazama wote, akaona hakuna aliyekuja na zawadi, akalala tena. Picha yake ile pale mlangoni. Bwana Sylvère anasema simba yule anaonekana amechoka. Mimi nasema ni simba mwaminifu.

Kisha siku ya mwisho wakaja tembo. Dereva akazima gari, akatuomba tusiseme, tukasimama sote tukichungulia kwenye paa lililofunguliwa, mimi mbele, Mama mwisho. Mama siku hiyo alikuwa amevaa kitenge kutoka kwenye belo jipya, cha njano chenye kasuku wa buluu. Na ninyi wanawake wa Buyenzi mnaijua sheria yake: kitenge akikivaa mara moja mbele ya watu, hamtakiona tena mwilini mwake, kwa sababu mteja akikuona na cha jana atadhani dukani hakuna kipya.

Tembo jike mmoja akaja moja kwa moja kwenye gari. Kila mtu alishika roho yake mkononi. Na mimi, mpumbavu wa kazi yangu, nikafanya nilichozoea kufanya mtu mkubwa anapoingia ukumbini. Nilimpa mgongo. Mkonga ukapita karibu na sikio langu, ukaingia ndani ya belo, ukachomoa kitenge, cha njano, chenye kasuku. Naambiwa alikitikisa, akakitupa mgongoni kwake, akasimama hivyo kama mteja mbele ya kioo. Naambiwa, maana mimi sikuona. Mimi nilikuwa naangalia nyuma, na huko nyuma alikuwepo mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hajawahi kumpunguzia mtu bei, ameibiwa mali yake mchana kweupe. Tukangoja amgombeze tembo. Akasema hivi: "Muache aikamate. Imemukaa."

Akacheka. Si kucheka kwa kujificha. Alicheka kwa mdomo wote, hadi pengo la jino lake likaonekana, hadi machozi yakatoka, amemshika bega kwa mikono miwili mteja aliyesimama mbele yake. Na kidole changu, Mungu anisamehe, kikabonyeza.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha Hayat. Alikaa kitako sakafuni akalia. Akaniambia kwamba tangu baba yao, marehemu Mzee Shakuru, alipofariki, mama yao akicheka hupandisha pindo la mtandio mdomoni, na wadogo zake wamekua wakidhani mama amezaliwa hivyo. Nami niseme wazi mbele yenu: katika kazi yangu yote sijapiga picha ninayoipenda kama hiyo. Bwana Sylvère alipoiona aliuliza tembo yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma yangu. Akaitazama tena, akasema hiyo ndiyo anayoitaka.

Sasa geukeni mtazame ukuta wa katikati. Ile iliyofunikwa kitambaa cheupe ndiyo yenyewe. Imefunikwa kwa sababu mwenye uso hajasema neno. Na mimi nitamuulizaje? Mkwe amwendee mama mkwe, amwambie nataka kutundika kicheko chako watu wakitazame? Hilo kwetu halifanywi. Linalofanywa ni kutafuta washenga, na washenga wangu leo ni ninyi nyote mlioketi hapa.

Kwa hiyo, Mzee Tajudini, hodi. Sisi ni wapita njia. Tumeona ua katika bustani yenu, tumelipenda, na tumekuja kwa miguu yetu kuliomba. Nimekuja kuposa picha. Ukisema hapana, sitanung'unika: kitambaa hakitavuliwa, nitaibeba nyumbani nimpe Hayat, msumari utabaki peke yake, na Bwana Sylvère atabandika simba aliyelala. Sitauliza mara ya pili. Tafadhali, Mzee, umwinamie dada yako umuulize. Sisi tunangoja, na mimi naangalia dari, kama inavyonipasa.

Kwa mlioko nyuma ambao hamkusikia, Mzee Tajudini anasema hajapewa jibu, amepewa swali. Mama anauliza kama kwenye picha hiyo kitenge kinaonekana vizuri.

Mzee, mwambie Mama kinaonekana, kasuku wote wapo.

Naona mnasimama. Mbona mnasimama? Mama amesimama? Jamani, niambieni, mimi siwezi kutazama. Anavua shali. Basi leo adabu inisamehe, nitatazama. Kitenge cha njano. Kasuku wa buluu. Muuza vitenge wa Buyenzi amerudia kitenge mbele ya watu, na alikivaa huko kwake kabla mimi sijafungua mdomo. Na anacheka, ndugu zangu, na pindo la mtandio limetulia mkononi.

Mama, Mungu akuweke. Mzee Tajudini, asante kwa mara ya pili katika maisha yangu. Bi Adélaïde, vuta kitambaa. Nawashukuruni nyote mlionipa masikio yenu jioni hii. Macho yenu sasa yapelekeni ukutani. Mimi mtaniwia radhi nikiupa ukuta mgongo. Nipisheni kidogo, nichukue kamera.