Boaz Kiilu Nzau, Fundi wa Bomba Aliyeanzia Mtaroni Ruiru

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Kamenu, jamaa mliotoka Kilimambogo na Ruiru, na ninyi mafundi ambao nawaona mmesimama kule nyuma kana kwamba hamjui viti ni vyenu pia, familia imenituma mimi Erastus, mpwa wa marehemu, niwasomee maisha ya mjomba wetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi isipokuwa alipoeleza jinsi alivyopata kazi, mtanivumilia nikikaa hapo zaidi kuliko penginepo.

Marehemu Boaz Kiilu Nzau alizaliwa tarehe 14 Agosti 1934 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, chini ya Kilimambogo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Nzau, aliyekata mkonge hapo maisha yake yote, na mama Mukonyo, ambaye viondo vyake, vile vikapu vya kusukwa kwa nyuzi, vilijulikana hadi soko la Thika. Mama huyo hakuwa na binti mkubwa, kwa hiyo Kiilu ndiye aliyeketi naye jioni kusokota nyuzi juu ya paja, kazi ambayo wavulana wenzake waliicheka sana, naye aliwaacha wacheke, akaendelea kusokota.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1943, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1947, akamaliza darasa la sita mwaka 1950, na masomo yakaishia hapo, si kwa kukosa akili bali kwa sababu baba yake alikuwa ameumia mgongo na nyumba ilihitaji mtu wa kufanya kazi. Kijana wa pale shambani alikuwa na njia moja tu, kushika panga la baba yake na kuingia kwenye mkonge, lakini Kiilu alikuwa ameuona ule mgongo kila siku, akaapa kwamba atatafuta ufundi hata ikibidi kulala njaa, na mapema mwaka 1952 akaja Thika, akakaa kwa binamu ya baba yake hapa Kamenu, akaanza kubisha milango ya karakana.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa mistri Bachan Singh, fundi wa mabomba aliyekuwa na karakana karibu na stesheni, mtu mkali lakini wa haki, ambaye hakuuliza mtu amesoma mpaka wapi, alimpa tu vipande viwili vya bomba, soketi ya kuviunganisha na nyuzi za katani, akamwambia aviunge. Mafundi mnajua kwamba katani ya bomba huchanwa, hulazwa juu ya meno ya chuma ikiwa imelegea na kupakwa rangi nzito, lakini mjomba alipoona zile nyuzi alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, akakunja suruali, akazisokota juu ya paja mpaka zikawa uzi mwembamba ambao mama yeyote wa Ukambani angeusifu, akauzungusha, akakaza, akasimama pembeni kwa fahari. Maji yalipofunguliwa yalirukia moja kwa moja kilemba cha mistri, naye, akiwa amelowa mpaka ndevu, akamwambia kwamba alipewa bomba la kuunga, si mbuzi wa kufunga, na akamwonyesha njia ya kwenda kwao.

Mjomba hakwenda kwao. Alizunguka karakana nyingine zote za Thika, na kila mahali aliambiwa kwamba wanataka mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, jambo ambalo mpaka uzeeni lilimtia hasira, kwa maana alikuwa akijiuliza huyo mtu angeianzia wapi kama kila mmoja anamtaka akiwa tayari ameshaanza. Mwezi wa Juni akapata kibarua cha kuchimba mitaro ya maji katika shamba moja la kahawa kule Ruiru, akashika sururu, na baada ya wiki hivi akagundua kwamba mwenye kazi ile ni yule yule Bachan Singh, kwa hiyo kila gari la mistri lilipoonekana mjomba aliinama mtaroni akachimba kwa bidii ambayo haijapata kuonekana.

Aliyeshangazwa na bidii hiyo ni fundi wa mistri pale Ruiru, Gerishon Mburu, kijana wa Kikuyu aliyemzidi miaka michache tu, ambaye leo ni mzee wetu na ameketi hapa mbele. Gerishon alimuuliza kwa nini anamkimbia tajiri, mjomba akamweleza habari ya kilemba, na Gerishon akacheka mpaka akakaa chini, halafu akachukua konzi ya katani, akaichana mbele yake, akamwambia kwamba vidole vyake havina kosa, ila vimezoea kubana, na bomba linataka nyuzi ziachwe na nafasi ili maji yenyewe yazivimbishe. Toka siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana wenzao wakipumzika kivulini, wawili hao walikuwa wanaunga na kufungua tena vipande vya bomba vilivyotupwa, na Gerishon hakudai chochote.

Mwezi wa Aprili 1954, siku za Hali ya Hatari, Gerishon alichukuliwa na askari pamoja na wanaume wengine wa Ruiru, akawekwa kizuizini bila mtu kuambiwa ni wapi, na kazi ikasimama huku kiwanda cha kuoshea kahawa kikingoja maji. Mistri alikuja, akauliza kwa hasira kama hakuna mtu hapo anayejua kuunga bomba, na mjomba akapanda kutoka mtaroni akiwa na udongo mpaka magotini, akasema yupo. Mistri alimtambua mara moja, akasogea mbali sana na bomba, akasimama nyuma ya gari lake, mjomba akaunga, na maji yalipofunguliwa hata tone halikutoka, ndipo tarehe 3 Mei 1954 Boaz Kiilu akaandikwa mwanafunzi wa ufundi, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Furaha hiyo haikuwa kamili, naye hakuificha, alituambia wazi kwamba aliipata nafasi kupitia msiba wa mtu mwingine, na kwa muda wote Gerishon akiwa kizuizini alipeleka unga kwa mkewe, Magdalene, kila alipopata ruhusa ya kupita. Katikati ya hayo, tarehe 20 Desemba 1956, alifunga ndoa na mama yetu Ndunge, na Mungu akawajalia watoto wanne, Nzau, Mukonyo, Zacharia na Simeon.

Februari 1958 Gerishon alirudi akiwa amekonda, na hakuna tajiri aliyetaka kuajiri mtu aliyetoka kizuizini. Mjomba, ambaye ndiyo kwanza amefuzu na ana mke na mtoto mchanga nyumbani, alimwambia mistri kwamba aliyemfundisha amesimama langoni, na kama karakana ina nafasi ya fundi mmoja basi apewe yeye, mjomba atarudi mtaroni. Mistri alifoka, akamwita mjinga asiye na shukrani, halafu akamuuliza anafikiri huyo Gerishon alifundishwa na nani, akaenda mwenyewe kufungua lango, na wote wawili wakafanya kazi.

Mwaka 1964 walifungua karakana yao wenyewe hapa Thika, na mtu yeyote aliyekuja kutafuta ufundi hakupimwa kabla ya kufundishwa, kwanza alifundishwa, ndipo akapimwa. Mjomba alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2001, moyo ukadhoofika, na akalala alfajiri ya tarehe 9 Machi 2003 katika hospitali hapa Thika, akiwa na miaka sitini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia hata alipokuwa akikagua mabomba ya wodi, majirani waliokesha nasi, kanisa, na mafundi wenzake wote.

Wengine mmeuliza kwa nini Gathoni, mjukuu wa mzee Gerishon na mwanafunzi wa mwisho wa mjomba, haonekani hapa, na mmeanza kunong'ona, kwa hiyo familia inawajibu. Jana jioni bomba kubwa linalopeleka maji katika wodi ya kina mama wazazi kule Ruiru lilipasuka, Gathoni ndiye aliyeitwa, na asubuhi hii yuko mtaroni peke yake, analia na anaunga. Mzee Gerishon ametuomba tusimwite, nasi tumekubali.

Mjomba Kiilu, pumzika kwa amani, kazi iko mikononi mwa watu.