Ombi la Soli Limekwama Wapi?

Kila asubuhi, kabla nyundo haijagusa kisigino cha kiatu cha mtu, benchi lile lililobanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kinyozi lina kazi moja: kusoma simu ya Soli. Soli ndiye fundi viatu mwenyewe. Aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akaoa hapa, akazika wazazi hapa, na ukimkorofisha atakutukana kwa matusi ya hapahapa. Karatasi za uraia tu ndizo hana. Ameomba, na tangu aombe simu inamwambia maneno yaleyale: *Ombi lako linashughulikiwa.* Simu yenyewe nayo ni majeruhi. Siku moja aliilaza kwenye chuma chake cha kugongea misumari, akajisahau, akaishushia nyundo. Nusu ya chini ya kioo ikafa, ikawa nyeusi tii. Nusu ya juu inaonyesha vizuri tu, na Soli akasema basi, anayesoma mstari mmoja kioo kizima cha nini?

Asubuhi ile roho yake ilikuwa juu. Usiku binti yake alikuwa amempigia kutoka ng'ambo ya mpaka, alikopata kazi na sasa mchumba. "Baba, harusi ni mwezi ujao. Utakuja au hutakuja?" Soli akajikohoza weee. Kuvuka angevuka, kurudi bila karatasi ndiyo ingekuwa kasheshe. Alimwambia ampe nafasi kidogo, akakata simu, akakaa kitandani anatazama ukuta mpaka mkewe akamuuliza kama anaumwa.

— Haya, leta simu tusikie taarifa, alisema Redio, akinyoosha mkono.

Redio ni mlinzi mstaafu. Aliwahi kulinda geti la ofisi moja ya serikali, na kwa kuwa mafaili yalipita mbele yake yakiingia na kutoka, benchi lote linamhesabu kuwa ni mtaalamu. Sheria aliyoiweka ni moja, na haivunjwi.

— Soma kwa macho! Asiguse mtu! Ukigusa, umefuta ombi. Nimeona kwa macho yangu jamaa kagusa, kwisha habari yake.

Mkasi, kinyozi, akachungulia juu ya bega la Redio na kitana sikioni. Birika, muuza kahawa, akaweka vikombe chini naye akachungulia.

— Ombi lako linashughulikiwa, Redio akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari.

— Yaani vilevile, Soli akasema.

— Vilevile kama jana.

— Jamani, mimi mwenzenu nitachanganyikiwa. Wenzangu walioomba nyuma yangu wameshaapishwa. Yule mshona magodoro ameapishwa! Mimi nina kasoro gani?

Birika akamimina kahawa taratibu, kama daktari anayejua jibu.

— Huna kasoro. Ni ile kompyuta yao, ya zamani. Inapanda ngazi. Ombi lako liko ghorofa ya pili, linapumua, kesho linaendelea.

— Acha kutufunga kamba, Birika, Mkasi akasema. Kompyuta ipande ngazi ina miguu? Hawa watu wanamchunguza. Wanataka kujua Soli ni mwenzetu kweli au anajifanya. Yule mteja wa juzi aliyeleta ndala iliyokatika mara ya tatu, nani analeta ndala kushonwa mara tatu? Si angenunua nyingine? Yule ni afisa.

— Aliniuliza kama biashara inakwenda, Soli akakumbuka, uso ukimshuka.

— Ukamjibu nini?

— Nikamwambia inakwenda hivihivi.

Mkasi akapiga paja.

— Lo! Umejiharibia! Raia kamili husema hali ngumu!

Soli akashika kichwa. Kwa kweli alitaka kusema hali ngumu, ila siku ile kulikuwa na wateja, akaona haya kusema uongo. Redio akakohoa, na Redio akikohoa watu hunyamaza.

— Ninyi mnazungumzia afisa wa ndala. Mimi nazungumzia mkubwa wake. Hebu tazameni pale.

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. Kwenye kivuli cha nguzo ya umeme kulikuwa na mbwa, yule wa rangi ya vumbi anayekaa palepale kila siku.

— Yule mbwa kaja lini mtaani? Redio akauliza.

— Kama... kama vile baada ya mimi kuomba, Soli akasema.

— Ana mwenyewe?

— Hana.

— Amekonda?

— Aa, hajakonda.

— Mbwa hana mwenyewe, hajakonda, anashinda anakutazama wewe, jioni anaondoka. Asubuhi kabla ya saa za kazi karudi. Jumapili umewahi kumwona?

Wote wakatafakari. Hakuna aliyewahi kumwona Jumapili, ingawa Jumapili wao wenyewe hawaji.

— Yule ni mwajiriwa, Redio akasema na kunywa kahawa yake.

Soli alishamrushia mbwa yule kandambili siyo mara moja. Wiki iliyopita alimwita jina ambalo hata mbwa hastahili. Akaona harusi ya binti yake ikiyeyuka kwa sababu ya ulimi wake. Akanyanyuka, akakata nusu ya mkate wake, akavuka barabara, akachuchumaa kwa heshima zote.

— Shikamoo, mheshimiwa. Yale ya wiki iliyopita tuyasahau. Ni njaa tu ilikuwa inanisumbua.

Mbwa akanusa mkate, akala, akapiga mwayo.

— Amepokea! Birika akapiga kelele. Ametia sahihi!

— Msimtazame machoni! Mkasi naye akapaza sauti. Anaandika!

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mgeni mtaani, kiatu cha shule cha mwanawe mkononi, soli yake imeachama. Akasimama, akatazama mzee mzima aliyechuchumaa mbele ya mbwa.

— Shikamooni. Fundi ni nani hapa?

— Marahaba. Fundi ni yule anayezungumza na serikali, Redio akasema. Kaa, mama, anakuja.

Soli akarudi akijipangusa magoti, ameona aibu. Mama akaketi ukingoni mwa benchi, na kwa kuwa benchi lile halijawahi kumficha mgeni kitu, akaelezwa yote: ombi, kompyuta inayopanda ngazi, ndala, mbwa. Alivumilia vizuri, midomo ikimcheza. Kisha akapewa simu aione mwenyewe, kwa masharti.

— Kwa macho tu, Redio akamwonya.

Mama akasoma mstari. Akatazama ile sehemu nyeusi.

— Na huku chini pameandikwa nini?

Birika akamtazama Mkasi. Mkasi akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake. Hata Soli, mwenye simu, mwenye ombi, mwenye binti anayeolewa, akainama kuichungulia ile sehemu nyeusi kama mgeni.

— Huku chini... kuna chini? Birika akauliza polepole.

Kabla Redio hajasema lolote, mama akaweka kidole juu ya kioo, akasukuma.

— Mama weee! Umefuta!

Hakufuta. Maandishi yaliyokuwa yamelala gizani yakapanda juu yakaonekana, na mama akayasoma huku Soli ameshika nguzo ya kibanda.

— *Ombi lako linashughulikiwa. Hata hivyo, limesimama. Picha uliyotuma ina watu wanne. Tafadhali tujulishe mwombaji ni yupi. Tumekukumbusha mara nyingi. Usipotuma picha mpya leo kabla ya saa kumi, ombi litafungwa.*

Soli akakaa chini, palepale kwenye vipande vya ngozi. Picha ile aliikumbuka vizuri. Mteja mmoja aliipiga hapahapa, kwenye ukuta wa kinyozi. Mkasi alimshika bega asitikisike. Redio alisimama nyuma ili ofisi ijue ana watu. Birika yeye aliingia tu, na birika lake.

— Nani alisema tuingie? Soli akauliza. Alikuwa na hasira ya kweli, na machozi yalikuwa karibu.

— Usingependeza peke yako, Birika akanong'ona. Ungeonekana mpweke.

— Nilikuwa naomba uraia, Birika! Sikuwa naomba mchumba!

— Basi, basi, mama akasema akisimama. Saa kumi bado. Nani ana kitambaa cheupe?

Mkasi akachomoa shuka lake la kunyolea, akalikung'uta nywele, akalitundika ukutani. Soli akasimama mbele yake. Mama akapiga picha ya kwanza kwa simu yake mwenyewe.

— Hiki kiwiko cha nani?

Mkasi akajitoa. Akapiga ya pili.

— Na huu moshi?

Birika akaondolewa na birika lake. Katika ya tatu kofia ya Redio ilikuwa imechungulia pembeni. Mama akawa mkali, akawavusha barabara wote watatu, akawapanga chini ya nguzo karibu na mbwa, marufuku kurudi.

Soli akabaki ukutani peke yake. Hakujua mikono aiweke wapi. Ni kweli, alijiona mpweke, kwa sababu kwenye picha zake zote, hata ya harusi yake, hawa watatu wamo. Akawatazama ng'ambo, wamesimama wima kama wanaopigwa picha wao. Akawasamehe, ingawa hakuwaambia.

— Nitazame mimi, baba. Usicheke.

Ikapigwa. Mama akaihamishia kwenye simu ya Soli, akaituma ofisini, akisukuma kioo kwa kidole, na Soli akifumba macho kila akisukuma. Wakangoja mpaka kahawa ikaisha. Simu ikalia, mama akasoma kwa sauti kubwa.

— *Picha imepokelewa. Mwombaji ametambuliwa. Ombi limepelekwa hatua ya mwisho. Utaitwa kwa kiapo wiki ijayo.*

Ng'ambo watu watatu wakarukaruka na kukumbatiana, mbwa akawabwekea, akaondoka zake. Soli hakusubiri. Akampigia binti yake.

— Haloo, baba! Karatasi zimetoka?

— Bado, mwanangu, akasema, sauti ikimkatika. Ila leo wamejua baba yako ni yupi.

— Mwambie aweke viti vinne! Birika akapaza sauti kutoka ng'ambo.