Mgongo wa Mwenzako Jimuni

Asubuhi hiyo ya baridi kali jijini Winnipeg, Lorraine alikuwa kwenye basi la Mtaa wa Osborne, nyuma ya watu wawili waliotoka jimu moja bila kujuana. Mzee alikuwa na taulo shingoni badala ya skafu. Binti alikuwa na hasira ya kistaarabu.

"Kwani nilikuomba unielekeze?" binti aliuliza.

"Hukuniomba. Ila mgongo wako ulikuwa umepinda, na chuma chenyewe kizito," mzee alijibu. "Mwaka jana nilimwona jamaa ananyanyua hivyo hivyo, nikajifanya sioni. Walimtoa kwa machela. Mpaka leo anatembelea fimbo."

Binti alimgeukia. "Pole yake. Lakini mzee wangu, siku yangu ya kwanza walinielekeza wanaume watatu, na kila mmoja akampinga mwenzake. Nikakaa miezi minane bila kurudi. Leo ndiyo nimerudi, ukaja wewe."

"Sasa ningefanyaje?"

"Ungeniacha niumie kwa raha zangu."

Wakacheka wote wawili, ingawa hakuna aliyekubali kushindwa. Lorraine naye alifurahi; safari ya kazini haikuwa na utamu huo kila siku.

Basi likasimama. Binti akainuka, kamba ya buti ikiburuzika, na kule nje ni barafu tupu. Mzee akaiona. Akafungua mdomo, akaufunga, akalishika taulo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, kamba ya kiatu," Lorraine alisema.

"Asante, mama," binti akajibu, akainama kuifunga.

Mzee akageuka, akamtazama Lorraine kama mtu aliyedhulumiwa.