Bibi Rula na Mashine Iliyotangulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wetu wa Majaribio anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kituo kitabaki palepale, banda la matrekta litabaki palepale, na chai ya saa nne itaendelea kuletwa saa tano. Kitakachoondoka ni hatua zake za ukumbini, kwenda na kurudi, ambazo sisi wa chumba cha takwimu tumezizoea hivi kwamba zikinyamaza tunainua vichwa na kuulizana kulikoni.

Humu ndani tunamwita Bibi Rula, na anaitika. Jina limetokana na rula ya chuma ya sentimita thelathini inayokaa mfuko wa kifuani wa ovaroli lake, ile ya kupimia kina cha udongo uliolimwa. Imepima mengine pia. Kuna siku wakubwa walikuja kikaoni, meza ikawa inayumba, na katikati ya hotuba ya ufunguzi mama wa watu akazama chini ya meza na rula yake. Aliibuka na kutangaza kwamba mguu mmoja umepungua milimita sita, akakunja kipande cha boksi, akakisukuma pale, kisha akawaruhusu waendelee. Waliendelea.

Kukaa hawezi. Vikao anahudhuria wima, mgongo ukutani. Mumewe, seremala mstaafu, alitengeneza viti viwili vya barazani mwaka jana kwa ajili ya mapumziko yao wawili. Anatuambia kila akipita hapa kwamba kimoja kimeanza kung'aa kwa kukaliwa na kingine bado kina nailoni.

Alianza kazi kama msaidizi wa maabara ya udongo, akikausha sampuli kwenye tanuri dogo linaloingia mikebe minne tu. Baada ya miaka minne alikabidhiwa majaribio ya rotaveta, zile zana zinazofungwa nyuma ya trekta na kusaga udongo kwa visu vinavyozunguka. Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha: rotaveta za kutoka nje kwa upande mmoja, na zinazoundwa na karakana za hapahapa nyumbani kwa upande mwingine. Kila mashine inalima vipande vya mita hamsini. Unapima kina mahali kumi, unachekecha mabonge, unajaza tenki la dizeli mpaka mdomoni kuona imenywa kiasi gani. Halafu unaandika ripoti, na vyama vya wakulima vinaamua vinunue ipi kwa kuisoma ripoti hiyo. Kwa miaka ishirini na saba, saini ya chini ya ripoti hizo imekuwa yake.

Wasifu wa aina hii kwa kawaida ungeingia hapa kwenye vyeti na pongezi. Anavyo vyeti, vimejaa droo. Lakini mwenyewe alinijia mezani, akasimama juu ya kichwa changu, akaniambia nikiandika vyeti nikaacha lile jambo la mashine kutangulia, haji kwenye sherehe. Basi tuliandike.

Ukutani mwa banda, juu ya ndoano za minyororo, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MASHINE YA NJE ITANGULIE. Kibao kile alikiandika yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza katika kazi hiyo. Ilikuwa adabu tu. Mawakala wa mashine za nje walikuja na wageni, wana safari, wana haraka, na kama mezani anavyopakuliwa mgeni kwanza, ndivyo mashine yao ilivyopewa shamba kwanza. Ya nyumbani ilikuwa ya jirani, ingeweza kusubiri kesho au keshokutwa. Hakuna aliyehoji. Mimi nimekuwa mtunza takwimu hapa miaka ishirini na minne, nimekipita kibao hicho kila siku ya kazi, na sikukisoma hata mara moja kwa akili.

Oktoba iliyopita rotaveta moja ya nje ililetwa na shafti fupi, haifiki kwenye trekta letu. Ikabidi wakala arudi kutafuta nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, udongo uko tayari, na Bibi Rula hawezi kuona udongo uko tayari akakaa. Akaamuru ya nyumbani iingie. Ikazama sentimita kumi na tano. Ya nje ilipoingia siku tatu baadaye, jua likiwa limeshaupiga udongo, ikaambulia kumi na moja.

Kwanza alinituhumu mimi. Alisema nimegeuza safu za jedwali, na kwamba si mara ya kwanza kichwa changu kuwa sokoni. Nilipomwonyesha daftari la shambani lenye mwandiko wake mwenyewe, aliishuku rula. Tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi tukanunua nyingine, tukazilaza bega kwa bega. Zilikuwa sawa. Akarudi ukumbini, na siku ile hatua zake zilikwenda mpaka jioni bila kupumzika.

Kesho yake alishusha mafaili yote. Majaribio kumi na tisa ya ulinganisho kabla ya lile la Oktoba, na kumi na sita kati yake yana mwandiko wangu. Katika yote kumi na tisa, ya nje ilitangulia. Katika yote kumi na tisa, ya nje ilishinda kwa kina. Na unyevu wa udongo? Ulipimwa mara moja tu, asubuhi ya siku ya kwanza, kwa sababu tanuri ni dogo na mikebe ni minne, tukaona sampuli moja inatosha jaribio zima. Yaani tulikuwa tunailimisha mashine moja keki na nyingine tofali, halafu tunaandika kwamba hiyo ya pili haina nguvu. Nilitaka kucheka nikashindwa. Yeye alikaa. Ndiyo, alikaa, kwenye kiti changu.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema na alimshauri kwa wema. Miezi minane imebaki, alisema, hakuna anayelalamika. Mrithi wako atabadilisha utaratibu kimyakimya, nawe utaondoka na jina lako likiwa safi. Sote tulimwelewa. Mimi nilitamani hata akubali, kwa sababu mwandiko ni wangu pia, na mimi nina miaka sita ya kuendelea kula humu. Bibi Rula alimsikiliza wima, kama kawaida yake, kisha akamjibu kwa sentensi moja.

"Nikistaafu nalo, nitalala nalo."

Kibao kikashushwa mchana uleule. Akaomba kurudia ulinganisho upya, mashine zote mbili siku moja, vipande vikipishana, unyevu ukipimwa kila kipande. Suala la nani aanze lingeamuliwa kwa kutumbukiza nati mbili ndani ya mkebe wa sampuli, nene ya mashine ya nje na nyembamba ya ile ya nyumbani, na dereva wa trekta kuchomoa moja akiwa amefumba macho.

Kilichobaki kilikuwa mvua, na mvua haina bosi. Jamani, miezi ile! Kila wingu lilimtoa ofisini. Alikuwa anatoka na mwavuli kwenda kuitafuta mvua badala ya kuikimbia. Januari ikanyesha, pampu ya trekta ikagoma. Februari pakavu. Tukaazima boza la maji, likakwama getini. Alikuwa anakata siku kwenye kalenda yangu, si yake, na kwa kalamu yangu, mpaka nikaanza kuota ile mistari ya kukatia siku. Aliogopa jambo moja na alilisema waziwazi: kwamba tarehe 30 Juni itamkuta hajamaliza, na kosa lake litabaki ndani ya makabati ya watu likiwa na saini yake.

Machi mvua ikaja, na tukalima siku nne. Matokeo hayakuwa ngano ya mnyonge kumshinda tajiri, na Bibi Rula hakutaka yawe hivyo. Kwa kina, mashine mbili zilikuwa sare. Kusaga mabonge, ya nje ilikuwa laini zaidi kidogo, na visu vyake vilichelewa kuisha. Ya nyumbani kisu kikivunjika unapata kingine siku hiyohiyo kwa fundi yeyote mwenye tanuru. Ila ilikunywa dizeli kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa nzito mno, na hapo ndipo alipopata swali jingine la kumkosesha usingizi. Mbona ilikuwa nzito hivyo? Ile ya kwanza kabisa, kwenye faili la zamani, ilikuwa pungufu kwa kilo tisini.

Tulikwenda kumuuliza aliyeiunda. Karakana yake iko nyuma ya maduka ya vyuma, chumba kirefu chenye sakafu nyeusi ya mafuta na harufu ya chuma kilichochomelewa. Fundi ni mtu wa makamo yetu, mpole, na alikuwa ananoa kisu kwa tupa. Alimpa Bibi Rula stuli, naye akabaki wima. Akamweleza yote, jedwali kwa jedwali, bila kupunguza na bila kunitaja. Nilijitaja mwenyewe. Tupa iliendelea kwenda wakati wote huo, polepole.

Kisha fundi akatusimulia kwa upande wake. Ripoti ya kwanza ilisema mashine yake haizami. Akaongeza chuma ili izame. Ripoti ya pili ikasema bado haizami, akaongeza tena, akanenepesha na visu. Ya tatu ikasema inazidi kuwa nzito. Wateja wenye matrekta madogo wakaacha kuja, na mafundi wake wanne wakawa mmoja. Alipofika hapo tupa ikasimama.

"Mama, miaka yote hii nimekuwa nikitibu ugonjwa ambao haukuwapo."

"Nimekuja kuomba radhi," Bibi Rula alisema. "Sina kingine nilichokuja nacho."

Fundi aliweka tupa chini. Aliinuka akatuongoza nyuma. Chini ya mabati, ikiwa imebebeshwa mtungi wa gesi, ilikuwepo rotaveta yake ya kwanza, ile nyepesi iliyoshindwa mtihani wetu wa kwanza. Hakuwahi kuikata kuwa vyuma chakavu. Alisema hakujua kwa nini. Bibi Rula alichuchumaa akatoa rula, akapima kisu kilicholiwa na kutu, na alikaa pale chini muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

Fundi akaifumua, akaitia beringi mpya na visu vipya, asiongeze kingine. Tuliijaribu wiki tatu zilizopita, siku moja na ile ya nje. Dereva akachomoa nati, ya nje ikatangulia, safari hii kwa bahati tu. Mimi nilikuwa na daftari na nilikuwa natokwa jasho kuliko trekta. Bibi Rula alipima mahali kumi, akarudia mahali palepale, halafu akampa fundi rula apime mwenyewe. Ya nje, kumi na tano. Ile nyepesi, kumi na nne na nusu, na dizeli ikanywa kidogo kuliko zote tulizopima msimu huu. Fundi alimrudishia rula akaenda kusimama peke yake mwisho wa shamba, akiwa ametupa mgongo. Tulimwacha. Bibi Rula naye akaandika kwenye ripoti kwamba giaboksi inavuja mafuta kwenye sili, kwa sababu ilikuwa inavuja.

Barua za kusahihisha zimeshakwenda kwa kila aliyewahi kupokea ripoti zetu, arobaini na tatu, kila bahasha ameiandika kwa mkono. Wengine wamejibu kwa shukrani, mmoja amemsema vibaya sana, wengi wako kimya. Yule aliyemsema vibaya amemjibu kwamba ana haki. Miaka ya fundi haitarudi kwa barua, hilo analijua, na linamuuma, na mimi linaniuma. Sitalipamba kwa ajili ya sherehe.

Kuhusu sherehe yenyewe, wapendwa, msishangae ratiba. Mstaafu amekubali kuja kwa sharti kwamba mpangilio wa wazungumzaji utoke kwenye mkebe. Umetoka, na mgeni rasmi ni wa nne. Tumemwomba radhi mapema, naye amecheka, tunashukuru.

Bibi Rula, asante. Asante kwa miaka thelathini na mmoja ya kutufanya tupime mara ya pili. Asante kwa kunikaripia kwa kosa ambalo halikuwa langu, na kwa kunifundisha kulikubali lililokuwa langu. Umekuwa dada kwangu hata siku nilizotamani uhamishiwe kituo kingine. Tunakuombea afya, nyumba yenye amani, na miguu itakayokubali kutulia. Mzee wako amesema nailoni ya kiti chako ameitoa leo asubuhi.

Jambo la mwisho limefika nikiwa naandika haya. Fundi ameanza kuunda upya mashine nyepesi, na ya kwanza ataileta kituoni Jumatatu, tarehe 3 Julai. Ameandika kwamba ana ombi moja tu: apime Bibi Rula. Tumemjibu kwamba siku hiyo hatakuwa mtumishi tena, atalazimika kusaini kitabu cha wageni getini na kungoja zamu yake kama mtu mwingine yeyote. Fundi amejibu kwamba atamsubiri.